Pumzi ya Mzee Sefu katika Nchi ya Fumbato

Kuna nchi mtu huzifikia kwa kuzitafuta, na kuna nyingine humpata yeye kabla hajajua kama zipo. Hadia hakuweza kusema Fumbato ilikuwa ya aina gani. Alichoweza kusema ni kwamba siku aliyoingia alikuta watu wamejaa nje ya nyumba ndefu isiyo na dirisha hata moja, wamebeba sinia za halua na birika za kahawa, naye akadhani ni harusi.

Haikuwa harusi. Binti wa mwenye nyumba alikuwa amezirai.

Mama mmoja aliyevaa kanga mbili mpya alimweleza jambo lile kwa furaha isiyo na kificho. Nyumba ile ni jumba la mazoezi la Mzee Mbaruku. Binti yake, Ruzuna, alikuwa akinyanyua vyuma asubuhi ile akaanguka kama gunia, na wala si mara ya kwanza kumtokea. Familia ile, alisema mama yule, imejaliwa. Huku Fumbato mtu akizirai jumbani husemwa amepokea.

"Amepokea nini?" Hadia akauliza.

"Nguvu, mgeni. Nguvu za waliotangulia. Zimemwingia nyingi kuliko anazoweza kubeba."

Huyo aliyepokea alikuwa ameketishwa kizingitini, midomo imempauka, mabega yanapanda na kushuka, na kifuani mwake mnalia kifirimbi chembamba. Hadia alikuwa mwalimu wa michezo kwao, na kifirimbi kile alikijua. Alikuwa na wanafunzi wenye pumu. Akawaomba watu wasogee, akamkalisha Ruzuna wima, akamwinamisha mbele kidogo mikono juu ya magoti, akamlegezea ukosi. Watu walinung'unika. Kwao ilikuwa kama kumvua bibi harusi shela mbele ya wageni. Lakini kifirimbi kilipungua taratibu, rangi ikarudi, na neno la kwanza alilosema Ruzuna lilikuwa hili:

"Waambie warudi na halua yao."

Ndivyo Hadia alivyokuwa mgeni wa nyumba ile.

Ndani ya jumba kulikuwa na joto la chungu kilichofunikwa. Kulikuwa na jasho la jana na la juzi, harufu ya magodoro ya mpira, mafuta ya kuchulia viungo, marashi yaliyonyunyizwa juu ya vyote hivyo, na moshi wa jiko la kahawa lililowekwa karibu na mlango. Sakafuni palitandikwa zulia lililokunywa jasho la miaka mingi bila kufuliwa. Kutani, pale palipopaswa kuwa na madirisha, palikuwa na mabaka mawili ya chokaa, moja upande huu na jingine upande wa pili, yakitazamana kama macho ya kipofu.

Mzee Mbaruku, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alimweleza sheria ya nchi. Iliitwa Sheria ya Akiba. Pumzi ya mtu anayejitahidi, ilisema sheria, hutoka na sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo pumzi iliyotolewa ndani ya jumba la mazoezi ni akiba ya jumba hilo, na akiba haivujishwi. Hewa ya nje iliitwa hewa ya bure. Ilikuwa ya mbuzi na ya watu wasiojishughulisha. Kila mwaka Mkaguzi wa Akiba alipita mlango kwa mlango, akanusa, akalipatia kila jumba daraja lake kwa ukali wa harufu. Jumba la Mbaruku lilikuwa dogo, vyuma vyake vina kutu, lakini daraja lake lilikuwa la juu kuliko majumba mengi ya matajiri. Baba yake, Mzee Sefu, alikuwa bingwa wa mieleka wa nchi nzima, na mazoezi yake yote aliyafanya mle. Bingwa akifariki, desturi ilimtaka mwanawe azibe madirisha ya jumba kwa mikono yake mwenyewe kabla matanga hayajaanuliwa. Mbaruku alichanganya chokaa huku analia.

Akampeleka Hadia kwenye kona moja na kumwambia asimame pale avute hewa. Alisema kwa mnong'ono, kama mtu aliye makaburini.

"Huyo ndiye baba," akasema.

Hadia akavuta. Alichosikia ni harufu ya sifongo iliyosahauliwa majini. Lakini aliutazama uso wa mzee yule, akanyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa kwa woga. Aliona kwamba hapa hapakuwa na ujinga wa kuchekwa. Palikuwa na mtu aliyefiwa, akapewa na nchi yake njia mbaya ya kuomboleza.

Jioni ile, wakiwa barazani, Mbaruku alimsihi binti yake apumzike na vyuma kwa muda. Ruzuna alikuwa na mwili wa mtu wa kazi na jicho lisilopepesa. Sikukuu ya Michezo ilikuwa inakaribia, na tangu utotoni hakutaka kitu kingine ila kusimama uwanjani siku ile na kunyanyua chuma mbele ya watu.

"Vyuma siachi, baba," akasema. "Na kufa sitaki. Tutafute la tatu."

Wakaanza kulitafuta siku ya pili yake. Ruzuna, aliyeijua sheria vizuri kuliko baba yake, alisema inakataza hewa kutoka, haikatazi jiko kutoka. Jiko la kahawa likahamishiwa uani. Sheria haikutaja zulia pia. Wakalikokota nje, wakalitundika juu ya ua na kulicharaza kwa fimbo, na vumbi lililotoka liliwafukuza mbuzi. Mbaruku alishindwa kutazama, akaingia ndani akajifanya anapanga vyuma. Walipangusa magodoro kwa maji yenye siki wakayaanika juani mpaka yakakauka pande zote. Chupa za marashi zilimwagwa, kwa kuwa Hadia aliwaeleza kwamba marashi hayaondoi kitu hewani, yanaongeza. Ufagio mkavu uliokuwa ukirusha vumbi la sakafu ukapewa likizo, badala yake wakapiga deki. Ukungu mweusi kwenye pembe za ukuta ukasuguliwa. Na wateja waliozoea kuja wote kwa pamoja baada ya alasiri wakaombwa wagawane, hawa asubuhi, wale jioni. Kazi yote hiyo haikutaka kitu ambacho nyumba maskini haina.

Majirani walikuja kushangaa. Mmoja wao, kinyozi mwenye ulimi mrefu, aliegemea nguzo na kuuliza, "Mbaruku, siku hizi mnafua urithi? Mkimaliza mtauanika au mtaupiga pasi?" Watu wakacheka, na Mbaruku akacheka nao, ila masikio yalimwiva.

Hali ikawa nafuu. Ruzuna alikohoa kidogo, akanyanyua zaidi. Lakini jumba likijaa watu, kifirimbi kilirudi. Hadia akawasha kijiti cha udi, akakisimamisha katikati ya sakafu. Moshi ulipanda, ukafika usawa wa vichwa, ukatanda hapo kama wingu lililokosa pa kwenda.

"Unaona?" akasema Hadia.

"Naona," Mbaruku akajibu kwa fahari. "Umetulia. Jumba lina adabu."

Hadia akamweleza taratibu kwamba moshi ule ni picha ya pumzi zao. Palipokaa moshi, pumzi za watu wote zimekaa hapo hapo, na kila avutaye anavuta iliyokwisha kuvutwa na mwenzake; pasipo dirisha haina pa kutokea. Mbaruku alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Alisema tu kwamba yeye ni raia mwema, na jambo la dirisha ni la kupelekwa mbele ya Baraza la nchi.

Baraza la Pumzi lilikutana katika ua mpana usio na paa. Upepo ulikuwa unapita kwa raha zake, ukipeperusha kanzu za wajumbe, hata karatasi zao ziliwekewa mawe juu. Mbaruku aliomba kwa adabu: binti yake anabanwa kifua, anaomba ruhusa ya dirisha moja. Wajumbe wakaijadili hoja kwa umakini mkubwa. Mmoja alisema kuzirai ni kupokea, na anayelalamikia kupokea ni mkosefu wa shukrani. Mwingine alikiri kwamba kikohozi kimezidi nchini, jambo linaloonyesha akiba imeongezeka. Wa tatu, aliyesifiwa kwa upeo wake wa kisasa, alisema dunia imebadilika, na jibu la tatizo hili lipo: ni Mtambo.

Mtambo ulikuwa sanduku la ukubwa wa kabati, lenye taa ya kijani. Majumba makubwa yote yalikuwa nao. Ulivuta hewa ya jumba, ukaitia harufu ya waridi, ukairudisha katika jumba lile lile. Wenye Mtambo waliheshimiwa sana, na ngurumo yake ilisikika hata barabarani. Mbaruku aliposema hana uwezo nao, wajumbe walimwonea huruma ya kweli, wakamshauri avumilie mpaka Mungu atakapomjalia.

Hadia akaomba kusema. "Waheshimiwa, dirisha halina bei."

"Ndiyo maana hatuliamini," akajibu mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani na sauti ya upole. "Mwanangu, kitu cha bure kingekuwa dawa, nani angeugua?"

Hadia akauliza tena, kwa nini basi Baraza lenyewe linakaa penye upepo. Wajumbe walitazamana kwa mshangao. Halikuwa swali waliloliona gumu.

"Sisi hatufanyi mazoezi," akasema mwenyekiti. "Hatuna nguvu ya kuvuja."

Hata hivyo Baraza halikutaka kuonekana halijali. Liliruhusu feni moja, kwa sharti kwamba igeuzwe ukutani. Mbaruku akaazima feni kwa shemeji yake, akaiweka kama alivyoamriwa, na kwa siku kadhaa feni ile iliupepea ukuta kwa bidii kubwa. Ukuta ulistarehe. Watu waliendelea kuloa na kuhema.

Ndipo Ruzuna alipoanguka tena, na safari hii haikuwa kama zile nyingine. Alikuwa amenyanyua chuma mpaka kifuani; kikamponyoka, naye akashuka ukutani polepole, mdomo wazi, bila sauti. Hata kifirimbi hakikusikika. Mbaruku alimbeba mikononi kama mtoto mchanga, akatoka naye nje, akamlaza mbele ya Hadia chini ya anga. Wakangoja. Kungoja kwa namna hiyo hakusahauliki kwa mzazi yeyote. Mwishowe kifua kilinyanyuka, kikatua, kikanyanyuka tena, na macho yakafunguka.

Mama wa kanga mbili alikuwa amekwisha kuja na sinia. Wengine walikuwa nyuma yake. Mbaruku alibaki amepiga magoti, akiwatazama watu wale na vyakula vyao, kisha akautazama mlango wa jumba, kisha mwanawe.

"Kila anayepokea tunamtoa nje," akasema. Alisema polepole, kama anayesoma kitu kwa mbali. "Kila mmoja, tangu matanga ya baba. Tunasema ni kwa sababu halua hailiwi jumbani."

Mama yule alishusha sinia yake chini.

"Na kila mmoja anazindukia hapa. Hapa kwa mbuzi." Akainuka. "Shemeji zangu, majirani zangu, nawashukuru. Rudini na sinia zenu. Leo hapa hakuna aliyepokea kitu. Mtoto alikosa hewa."

Akaingia ndani akatoka na nyundo na tindo.

Hadia alidhani angesita. Hakusita. Alilipiga baka la kwanza la chokaa mpaka likapasuka na kumwagika, na mwanga ukaingia jumbani, mwanga ambao wateja vijana hawakuwahi kuuona mle; ukaonyesha vumbi lote lililokuwa linaelea. Watu walirudi nyuma, wengine wakaziba pua ili wasiibe akiba iliyokuwa ikitoka. Ruzuna, akiwa amekaa kizingitini, aliomba washe udi. Moshi ulipanda, ukayumba kuelekea dirishani, ukasita, ukarudi kutanda pale pale.

"Dirisha moja ni mlango usio na njia," Hadia akasema. "Hewa haitoki mahali kama hakuna inayoingia."

Baka la pili lilikuwa kwenye ile kona. Mbaruku alikwenda akasimama mbele yake, nyundo mkononi, na hapo ndipo aliposita. Aliipapasa chokaa kwa kiganja. Ruzuna akajikokota hadi kwake.

"Baba, kama huwezi, nipe mimi."

"Naweza," akasema Mbaruku. "Nilikuwa nafikiri tu. Pumzi hii baba aliitoa mwenyewe. Aliitoa kwa kuwa hakuihitaji tena. Ni mimi niliyeiokota nikamfungia ndani."

Akapiga. Chokaa ile aliipaka yeye, na alijua ilipo laini. Ilipoanguka, upepo uliingia kama mwenyeji aliyekuwa amefungiwa nje, ukapita juu ya vyuma, juu ya magodoro, juu ya vichwa vya watu. Moshi wa udi ukainama, ukanyooka, ukatoka wote kwa dirisha la upande mwingine. Mbaruku alivua kofia yake, akasimama nayo kifuani mpaka moshi ulipoisha. Kisha akaichukua ile feni kutoka ukutani, akaiweka dirishani, uso wake nje.

Mkaguzi wa Akiba alifika kabla ya Sikukuu. Jina lake Kadiri, mtu mrefu aliyechoka, na watu walimwita Pua ya Serikali, ingawa si mbele yake. Alisimama mlangoni akanusa. Akasogea akanusa tena. Akaenda mpaka kwenye kona ya Mzee Sefu akafumba macho, akavuta kwa tundu zote mbili za pua, na uso wake ukawa wa mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta mfuko umetoboka.

"Sisikii kitu," akasema.

"Hakuna kitu," akajibu Mbaruku.

Kadiri hakuwa mtu mkatili. Alimkumbusha Mbaruku sheria, na alimkumbusha kwa masikitiko. Jumba lisilo na akiba huandikwa Tupu. Hupoteza daraja. Na jumba tupu haliwezi kupeleka mshindani Sikukuu ya Michezo, maana nchi haiwezi kutetewa na mtu asiye na kitu kifuani. Lakini ikiwa madirisha yatazibwa leo, alisema, yeye ana majumba mengine ya kukagua, anaweza kupita huku tena kesho kutwa, akakuta ameteleza kwa kunusa vibaya.

Mbaruku alimgeukia binti yake. Hadia naye alimtazama, na moyo ulimuuma, kwa kuwa alijua kitu kilichokuwa kimewekwa mezani. Uwanja ule Ruzuna aliuota tangu mguu wake ulipokuwa haufiki kwenye kanyagio la baiskeli. Alikuwa sasa amesimama chini ya dirisha, jasho linamtiririka, ametoka kunyanyua chuma ambacho hajawahi kukinyanyua maishani, na alikuwa akipumua kimya, kama watu wengine wanavyopumua bila kujua.

"Andika," akasema.

"Binti, fikiri."

"Nimefikiri. Uwanjani nitasimama siku moja, sheria hii ikishachoka. Nikiwa hai nitaingoja. Andika."

Kadiri akachukua mkaa akaandika neno lile mlangoni kwa herufi kubwa, akaondoka bila kugeuka.

Wateja wengi walihama wiki ile. Hakuna aliyetaka kuonekana akitoka kwenye mlango wenye neno kama lile, na vyuma vilibaki vimelala. Mbaruku hakuyaziba madirisha. Kila asubuhi alipiga deki, akaanika magodoro, akageuza feni yake nje, akafungua mlango, akakaa. Akaja mama mmoja aliyekuwa akipanda ngazi kwa kupumzika kila hatua. Wakaja ndugu wawili walioshindwa na Mtambo wa jumba kubwa. Waridi liliwaumiza kichwa, na walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba maumivu yale ni heshima. Akaja yule kinyozi, akasema amekuja kucheka, akabaki. Siku ya Sikukuu, wakati ngoma zinasikika kutoka uwanjani, Ruzuna alikuwa jumbani akiwafundisha hao wachache namna ya kukunja magoti kabla ya kunyanyua, na sauti yake haikukatika hata mara moja.

Kisha Kadiri akarudi. Alisema sheria inataka jumba lililoandikwa Tupu lithibitishwe kwamba bado ni tupu. Akaingia, akanusa, akathibitisha. Siku iliyofuata akarudi kuthibitisha tena. Siku ya tatu alileta kigoda chake, akakiweka kati ya dirisha na dirisha, akalegeza ukosi wa shati la serikali, akakaa. Hadia, ambaye alikuwa amefunga mzigo wake tayari kuondoka, alisimama mlangoni kutazama.

"Umekwisha kukagua, bwana mkubwa?" Mbaruku akamuuliza baada ya muda.

"Bado," akasema Kadiri, macho ameyafumba. "Kazi kama hii haitaki haraka."

Ruzuna alikwenda kwenye rundo la vyuma, akachagua kimoja chepesi, akakiweka miguuni pa Mkaguzi.

"Basi wakati unakagua, nyanyua hiki. Kunja magoti kwanza."

Kadiri alifumbua macho. Alitazama mlango, akatazama chuma, akatazama mlango tena. Kisha akavua viatu vyake vya kazi, akakunja magoti kama alivyoelekezwa, akanyanyua. Pumzi aliyoitoa ilikuwa nzito, ya mtu aliyekuwa nayo siku nyingi. Ikapita dirishani pamoja na za wengine, wala hakuna aliyeinuka kuifuata.